Mdomo wa Bi Kelele

Wino aliingia sebuleni mikono yake ikiwa bado imelowa rangi nyekundu, akamkuta mwanamume wa suti amepiga goti mbele ya shangazi yake, ameshika boksi la dawa ya meno karibu na shavu la mgonjwa, analinganisha. Hebu fikiria! Mtu mzima na heshima zake amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu, anaota jua la asubuhi dirishani, halafu anakuja mgeni kumwekea boksi shavuni kana kwamba anachagua kitambaa cha pazia.

"Ona, ona," mgeni alikuwa akimwambia kaka yake Wino, aliyesimama pembeni akichekacheka kama mtu aliyealikwa harusini. "Sura ni ileile. Sawasawa kabisa!"

Huyo mgeni alikuwa meneja wa matangazo wa kampuni ya dawa ya meno, na nyumba nzima ilikuwa imeshambandika jina la Bwana Sawasawa. Ukimkaribisha kiti, sawasawa. Ukimwambia choo kimeharibika, sawasawa. Hata Wino alipompokonya boksi mkononi bila salamu, alisema "sawasawa" na kusimama akipangusa goti.

Sura ya kwenye boksi Wino aliijua kuliko sura yake mwenyewe, maana aliichora yeye. Nyuma manjano inayoumiza macho, uso wa kahawia, mistari myeusi minene, kilemba kilichokwenda upande, na mkono wa kulia umeinuliwa, kidole juu. Alikuwa Bi Kelele, yule mama wa kwenye makopo ya soda na makoti ya mvua, ambaye watoto walimjua kabla ya kujua kusoma. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa mdomo. Badala ya ule mdomo mpana uliofunguka hadi magego, mdomo wa mtu aliyekatizwa katikati ya kugomba na bado hajamaliza, kulikuwa na kitabasamu.

"Nani kamfanyia hivi?" Wino aliuliza.

"Tumempamba kidogo tu, dada."

"Kumpamba? Bi Kelele hatabasamu! Tangu azaliwe hajatabasamu! Kazi yake kugomba!"

"Sawasawa, lakini tufikirie na sisi. Nani atanunua dawa ya meno kwa mtu anayemgombeza?"

"Basi tafuteni mtu anayecheka! Wamejaa tele huko nje, wanacheka bila sababu!"

"Anayependwa ni huyu." Bwana Sawasawa aliinua mabega. Wala hakukasirika, macho makavu kabisa. "Halafu, dada yangu, mbona unatugombeza sisi? Huo mdomo hatukuuchora. Ni wako. Uliuchora mwenyewe."

Wino alilibana lile boksi mpaka likabonyea. Maana ilikuwa kweli, na hakuna kitu kinachomtia mtu hasira kama ukweli unaotoka kwa mtu usiyempenda.

Turudi nyuma kidogo, la sivyo utamwona huyu binti ana kichaa.

Shangazi ndiye aliyewalea Wino na kaka yake baada ya wazazi wao kufariki, wakati huo hawajui hata kufunga viatu. Kazi yake ilikuwa kuita majina kwenye kliniki kubwa. Hakukuwa na kipaza sauti wala kioo cha namba. Alisimama mlangoni kwa daktari, akaita jina, na mgonjwa aliyekuwa chooni mwisho wa korido akasikia na kuharakisha. Waliosinzia waliamka. Walioruka foleni walirudi mkiani wenyewe. Akifika nyumbani sauti ilikuwa haijaisha, bado imebaki ya kuwatosha watoto wawili, viatu vilivyoachwa mlangoni, taa iliyoachwa inawaka, sufuria iliyooshwa nje ndani ikasahauliwa. Na maneno alikuwa nayo! Angekusema kutoka jikoni mpaka uani bila tusi hata moja, ukabaki hujui ucheke au ulie.

Wino, aliyepewa jina hilo shuleni kwa vidole vyake visivyotakata, alimchora Shangazi akigomba kwa sababu hakukuwa na namna nyingine ya kumchora. Ukimwambia tulia, anauliza, "Nitulie, kwani nimekufa?"

Alikuwa anachapa picha kwa fremu. Fremu ni ya mbao, imewambwa kitambaa chembamba chenye matundu madogo. Pasipotakiwa rangi panazibwa, penye picha panaachwa wazi. Unailaza juu ya karatasi, unamwaga rangi, unaivuta kwa ubao wenye ukingo wa mpira, unainua, picha hiyo. Kila rangi ina fremu yake. Wachapaji wengine wangeuweka mdomo humohumo pamoja na rangi nyingine. Wino aliutengenezea fremu yake peke yake, kwa kuwa ulimtesa. Mdomo wa Shangazi haukukaa mahali pamoja. Ikawa anaurudia na kuurudia, uso mwingine wote umekaa unausubiri.

Ulipopatikana, alimwita Shangazi karakanani, kile chumba cha uani kilichokuwa zamani stoo ya makaa. Shangazi alisimama mbele ya karatasi, mkono kiunoni, akaitazama kuanzia kilemba mpaka kidole.

"Pua hiyo ya nani?"

"Ni yako, Shangazi."

"Thubutu!"

Basi ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile. Picha yoyote ya Bi Kelele haikuhesabika kuwa imekwisha mpaka Shangazi aikatae pua.

Kampuni ya soda ndiyo iliyoanza, ikamtia Bi Kelele kwenye makopo. Wakaja watu wa makoti ya mvua, na mawingu yakifunga, mtaa mzima unajaa Shangazi anayegomba kila upande. "Mimi nimekaa ndani nakunywa chai yangu," alisema akichungulia dirishani, "huku nalowa barabara nzima!" Televisheni wakamtaka kwenye kipindi cha muziki, awe anachomoza kona ya kioo kumfokea anayeimba vibaya. Kaka akaacha kazi ya kuuza simu akawa meneja. Wino akawa anaalikwa kwenye mikutano yenye viti vinavyozunguka, anavishwa kilemba cha ukoka na watu ambao hawakujua kama anashika brashi au ufagio.

Kisha akaja mwimbaji. Kijana anayetamba, nywele za dhahabu, mpole kuliko nyimbo zake. Alitaka sura ya Bi Kelele iwe kwenye kioo kikubwa nyuma ya jukwaa, imwitikie kwenye viitikio. Sura ikiimba inahitaji midomo, na midomo Wino alikuwa na namna yake ya kuitengeneza. Akatengeneza wa kupanuka, wa nusu, wa kufumba, wa kubana. Ukabaki wa wimbo wa mwisho, wimbo wa mapenzi, ambao mwimbaji aliomba sana Bi Kelele atabasamu, angalau kidogo, watu waondoke na furaha.

"Shangazi, tabasamu nikuchore."

"Nitabasamu nini? Umeona nini hapa cha kuchekesha?"

Hakutabasamu ng'o. Wino akachoka kubembeleza, akajitazama kwenye kioo cha bafuni, akatabasamu yeye, akajichora. Alijiambia ni wimbo mmoja tu, nani atajua. Akaikabidhi midomo yote, kila mmoja peke yake, imepangwa vizuri, ya kubandika na kubandua. Kaka naye kila alipoingia mkataba mpya aliuza kila kilichokuwepo. Mchoraji mwingine angeuza uso. Wino aliuza uso pamoja na vipuri vyake.

Halafu Shangazi akapigwa na kiharusi.

Mkono wa kulia, uleule wa kidole, ukawa umelala mapajani. Mdomo ukashuka upande huohuo, mate yakawa yanapita bila ruhusa. Na katika zile sauti zote, maneno yote yale, likabaki neno moja. "Hapana." Chai ikiwa ya moto, hapana. Akitaka dirisha lifunguliwe, hapana. Hata ndiyo ilikuwa hapana, ila iliyosemwa taratibu. Mtaalamu wa mazoezi ya kusema, dada mwenye subira ya ajabu, aliwaambia wasikate tamaa, mengine yanaweza kurudi, lakini hakuna anayejua lipi wala lini.

Wino alimlisha, akamwogesha, akambadilisha nguo, hakuna aliyeweza kumlaumu. Ila kila alipokaa naye alikaa upande wa kushoto. Hata kijiko alikizungushia huko. Na tangu siku ile hakumchora tena hata mstari mmoja. Alichapa Bi Kelele yule wa zamani, mdomo wazi, kidole juu, akawa anafunga mlango wa karakana na kuzitazama zile karatasi zikikauka kwenye kamba.

Sasa umeelewa kwa nini lile boksi lilimpandisha mori. Mahali pekee palipobaki duniani ambapo Shangazi alikuwa bado anagomba ni kwenye ule mdomo, na hawa watu walikuwa wameuziba. Wameuziba kwa mdomo wake yeye Wino.

Bwana Sawasawa hakuona haya hata kidogo. Alikaa, akanywa chai, akaeleza sherehe ya uzinduzi itakavyokuwa. Ukumbi mkubwa, kamera za televisheni, yule mwimbaji mwenyewe. Sura ya Bi Kelele itawekwa jukwaani kwenye meza ikiwa haina mdomo, kamera itaimulika kutoka juu ionekane kwenye kioo kikubwa, na mwimbaji akifika kwenye kiitikio, Wino atavuta rangi ya mwisho mbele ya watu wote. Tabasamu litokee, watu washangilie.

"Na mama yetu hapa," akasema akimwelekezea Shangazi mkono wenye kikombe, "tutamweka safu ya mbele. Bi Kelele wa kweli! Tutampaka vipodozi kidogo upande huu, tumkalishe hivi, kamera imchukue kutoka kushoto."

"Ebo!" Wino aliruka. "Toka! Toka nyumbani kwetu! Huyu si kinyago chako!"

"Hapana!" alisema Shangazi, kwa nguvu, mpaka kikombe cha mgeni kikatikisika kwenye kisahani. Hakuna aliyejua ni hapana ya kumfukuza au ya kumzuia. Bwana Sawasawa alisema sawasawa, akakusanya boksi lake, akaaga kila mtu kwa adabu akaondoka.

Ndugu wawili walimalizia ugomvi karakanani, mlango umefungwa, sauti zinatoka madirishani.

"Umemuuza Shangazi!" Wino alimwambia kaka yake. "Umemuuza, tena akiwa hawezi hata kukugombeza!"

"Nimemuuza? Nani aliyemtia kwenye kopo la soda? Mimi najua kushika brashi?"

"Nilimtia kama alivyo!"

"Alivyokuwa," Kaka alisema. Alikuwa amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa, suti yake mpya ikichafuka, hajali. "Unadhani mimi sikukasirika nilipoliona lile boksi? Lakini ukikataa kwenda, watachapa wenyewe. Mdomo wanao, wameshalipia. Hiyo kesi hatuna. Na yule dada wa mazoezi ya kusema anakuja kwa kazi hizihizi unazozitemea mate. Au tumlipe kwa hasira zako?"

"Usimtie Shangazi mdomoni ufiche uroho wako!"

"Nenda zako."

"Hapa ni kwangu. Nenda wewe!"

Kaka alitoka akabamiza mlango, jambo ambalo zamani lingemletea mahubiri kutoka jikoni. Nyumba ilikaa kimya, na ule ukimya ulizidi kumchoma Wino. Akaichomoa fremu ya tabasamu iliyokuwa chini ya rafu, ile aliyoitengeneza kwa ajili ya mwimbaji, akaitoboa kitambaa kwa kisu, akaivunja mbao kwa goti, akaitupa kwenye pipa. Kisha akaitoa fremu ya mdomo wa zamani, akaisugua, akaiinua mbele ya taa. Wakimtaka jukwaani atakwenda. Lakini kitakachotoka pale ni mdomo wa kugomba, wapende wasipende, wamshitaki wakitaka.

Mlango ukagongwa na kitu kizito, mara ya kwanza, mara ya pili. Shangazi alikuwa amejisukuma mwenyewe kwa mguu wa kushoto kuvuka ua mzima, na sasa anautumia uleule kupiga mlango. Kanga ilikuwa imeteleza, jasho linamtoka.

"Shangazi! Kwa nini hukuita..." Wino alianza, akajing'ata ulimi. Akamwingiza ndani. Akamwonyesha fremu, akiongea haraka kama mtoto anayejitetea. "Usijali. Tabasamu lao nimelivunja. Nitavuta huu. Mdomo wako. Watakusikia ukumbi mzima."

Shangazi aliitazama ile fremu. Kisha akaipiga kwa mkono wa kushoto, ikaruka, ikaanguka sakafuni.

"Hapana."

"Ndiyo huu mdomo wako, Shangazi!"

"Hapana!" Akajigusa mdomo kwa vidole, pale palipoteremka. Wino akaangalia pembeni, kwenye karatasi za kamba, kwenye makopo ya rangi, popote. Shangazi akapiga mkono wa kiti kwa kiganja. Wino akasogea, kwa mazoea, kwenda kushoto. Hapo ndipo hasira zilipompanda mama wa watu kwelikweli. Alikita mguu, akakizungusha kiti, upande wa kulia ukawa unamkabili Wino uso kwa uso. Wino akasogea tena. Kiti kikazunguka tena. Wakazungukana hivyo katikati ya karakana, wote wawili wanahema, hadi Wino akagonga meza kwa mgongo na hana pa kwenda.

"Sitaki!" alifoka huku machozi yanamtoka. "Sitaki kukuona hivyo! Umenisikia? Sitaki! Nani kakuambia uugue? Nani kakuambia unyamaze?"

Shangazi hakunyamaza. Alimwambia hapana, akamwambia tena, ndefu, fupi, ya kupanda, ya kushuka, mkono wa kushoto unapiga kiti, jicho linawaka, upande mmoja wa mdomo unavuta kwa nguvu zake zote na ule mwingine umegoma, mate yanaruka. Alikuwa anagomba. Alikuwa anamgombeza tangu siku ya kwanza aliyotoka hospitali, na huyu mpumbavu alikuwa amekaa upande wa kushoto na kijiko, anaona mgonjwa.

Wino alichukua kipande cha makaa. Hakusubiri hasira zipoe. Alichora mdomo uleule uliokuwa mbele yake. Kona ya kushoto imepanda inapigana. Kona ya kulia imeanguka. Mkunjo mpya kando ya kidevu. Mara hii haukumtesa, ulikuja mara moja.

Alipomaliza, alimgeuzia karatasi. Shangazi aliitazama kwa muda. Wino alikuwa akingoja kitu, wala hakutaka kujikubalia ni kitu gani. Mdomo peke yake hauna pua, lakini bado alingoja. Shangazi alifumba macho kwa uchovu, akaelekeza kichwa mlangoni arudishwe chumbani.

Kesho yake Wino alimpelekea Bwana Sawasawa ujumbe kwamba watakwenda wote. Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa tangu mchana. Maboksi ya dawa ya meno yalipangwa mlangoni kama ukuta, Bi Kelele anatabasamu kutoka kila tofali. Binti wa vipodozi alimfuata Shangazi na brashi yake, akapokea hapana moja iliyomrudisha alikotoka. Bwana Sawasawa aliagiza kiti kiwekwe upande wa kulia wa ukumbi, kamera imchukue kushoto. Kaka, ambaye hakuwa amesemeshana na Wino tangu siku ile ya karakana, alikisukuma kiti hadi katikati kabisa, mbele ya jukwaa, akavuta breki, akasimama nyuma yake kifua mbele.

"Kamera hapa hai..." alianza Bwana Sawasawa.

"Sawasawa," Kaka alimjibu, bila kusogea.

Jukwaani meza ilikuwa tayari, karatasi kubwa juu yake, uso bila mdomo. Fremu ilikuwa imefunikwa kitambaa. Bwana Sawasawa alikuja kuichungulia, lakini fremu ikilala kifudifudi ni kitambaa tu chenye madoa, na Wino alimtolea jicho akarudi alikotoka. Mwimbaji alipanda, watu wakapiga kelele, taa zikazunguka. Wimbo ulikuwa mpya, juu ya meno meupe na mapenzi ya kweli, na Wino alitamani kumtupia ndoo. Kikafika kiitikio.

Akamwaga rangi nyekundu. Akashika ubao kwa mikono miwili, akavuta mara moja kutoka juu hadi chini, akaegemea kwa uzito wake wote. Akainua fremu.

Kwenye kioo kikubwa mdomo ulionekana ukubwa wa mlango wa gari. Ulikuwa umepinda. Upande mmoja ulikuwa unapigana na upande mwingine umeanguka, na bado, mtu asingeweza kudanganyika, mwenye mdomo ule alikuwa na jambo la kusema na alikuwa amekasirika.

Wa kwanza kunyamaza alikuwa mwimbaji. Muziki ulikwenda wenyewe kidogo ukakatwa. Mtu mmoja huko nyuma alicheka, akaona hakuna wa kumuunga mkono, akaacha. Watu walitazama kioo, wakamtazama mama wa kwenye kiti, wakatazama kioo tena.

"Ondoeni hiyo picha!" Bwana Sawasawa alikuwa anakimbia kati ya nyaya, tai imeruka begani. "Kamera, ondoeni! Huu si mdomo tuliokubaliana! Umetuharibia! Wewe kwetu kazi basi, na kwa wenzetu wote nitahakikisha basi!"

"Basi!" Wino alimjibu kutoka jukwaani, rangi imempanda hadi kwenye viwiko. "Nani kakulilia? Mlitaka Bi Kelele, Bi Kelele huyo hapo! Mlitaka wa kweli, si ndiyo mlivyosema? Mtazameni sasa! Mbona mnafunga macho?"

Na alipolisema hilo la kufunga macho alihisi limemrudi mwenyewe.

Kaka alikuwa ameshafungua breki. Alikisukuma kiti hadi kwenye ukingo wa jukwaa, mpaka magurudumu yakagusa ubao, na Shangazi akainua uso. Alikitazama kile kioo kuanzia kilemba. Akashuka. Yule mwimbaji, sijui aliongozwa na nini, labda adabu tu aliyofunzwa kwao, alichuchumaa ukingoni akamsogezea kipaza sauti.

"Mama," alisema taratibu, "unaionaje?"

Upande mmoja wa mdomo wa Shangazi ulivuta. Ukateleza. Ukavuta tena. Ukumbi wote uliusikia ule mvuto, pumzi zile za mtu anayesukuma kabati peke yake.

"Pu..." alisema. Mshipa ulimtoka shingoni. Mkono wa kushoto ulipanda kutoka mapajani, ukapita kidevu, ukapita kilemba, kidole kikasimama. "Pua."

Kaka alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Pua... hiyo... ya nani?"

Wino alikuwa amesimama na ubao wa rangi mkononi, unamdondokea viatuni.

"Ni yako, Shangazi!"

Shangazi aliitazama pua tena, akamtazama mpwa wake, akakitikisa kidole.

"Hapana," alisema.